Kituo cha Jua, Ruiru

Jumatatu, Machi 3

Leo nimelisikia jua! Saa nne asubuhi risiva yangu ya redio imepiga kelele kama sukuma wiki ikitupwa kwa mafuta moto. Niliruka, nikamwaga chai kwenye kibodi. Daktari Akoth wa chuo kikuu kule Juja alituambia ndivyo ilivyo. Jua likilipuka linatoa mawimbi ya redio, na waya mbili zilizofungwa kwa nguzo zinatosha kuyanasa. Zangu ziko nyuma ya nyumba. Mke wangu Idah anasema zimekaa pahali pa kamba zake za nguo. Kweli, zimekaa.

Jumamosi Daktari ataamua nani apewe mtambo mpya na kituo cha kudumu: mimi, fundi wa madishi ya TV hapa Ruiru, au Gachau kule Ngoingwa, Thika. Gachau! Alinifundisha fizikia kidato cha pili. Akasimama mbele ya darasa zima akasoma: Kinyanjui, D. Mtambo huo ni wangu, atake asitake. Idah naye ametoa uamuzi wake. Nikishindwa, waya zinashuka, na nisimletee hadithi.

Nimetangaza mlipuko wangu kwa grupu yetu ya WhatsApp, ya sisi tunaolisikiliza jua na Daktari. Kwa herufi kubwa.

Jumanne, Machi 4

Halikuwa jua. Alikuwa Ouma.

Ouma anachomelea mageti ng'ambo ya barabara. Kila akigusisha chuma, risiva yangu inapiga mayowe. Aliyegundua kuwa si jua ni Gachau, akiwa ameketi zake Ngoingwa! Aliuliza kwa grupu kama jua la Ruiru ni tofauti na la Thika. Watu wakacheka hadi nikazima simu. Daktari Akoth akaandika kwa upole kwamba mtafiti mzuri huondoa kelele za jirani kwanza, ndipo atangaze. Kwa upole! Afadhali angenitukana.

Nilivuka barabara. Ouma, bila kutoa miwani yake nyeusi, akasema geti la mteja haliwezi kungoja jua. Lakini ni mtu mzuri. Tumekubaliana atachomelea asubuhi mapema na jioni tu. Kisha akaniuliza kama jua likilipuka tutakufa. Nikamwambia bado.

Jumatano, Machi 5

Nina mpango. Gachau anasikia vizuri kwa sababu Ngoingwa kumetulia. Basi huo utulivu uishe. Nimenunua balbu za bei ya chini kabisa pale stage, zile zinazovuruga redio zikiwashwa. Nikampelekea Mwalimu kama zawadi ya heshima. Nikanywa chai ya mkewe Beth, nikala na maandazi. Sikuona haya hata kidogo.

Mwalimu alishukuru sana, kisha akazirudisha kwa mfuko. Ati wao wanatumia taa za sola. Akaongezea avokado juu yake, nimpelekee Idah. Mfuko ule ule! Idah alivyofurahi. Amefunga balbu moja jikoni, ambako ni giza hata mchana, nyingine sebuleni, nyingine chooni. Risiva inavuma kama mzinga wa nyuki. Siwezi kumwambia azitoe, ataniuliza nilizinunulia nini.

Jioni Ouma alikuja na begi kunisemesha. Nikamwambia asisimame karibu na antena, tutaongea siku nyingine.

Alhamisi, Machi 6

Leo nimekuwa mkali. Kelele yoyote, nafuta. Pikipiki, nafuta. Balbu, nafuta. Saa tano na kitu ukaja mlio mkubwa ajabu, ukajaa skrini yote, ukakaa. OUMA! Baada ya kuniahidi! Nikafuta papo hapo. Nikaandikia Daktari na grupu nzima: poleni, ni jirani tena, nimeshaondoa, na wengine wawe makini hivi. Nilijihisi mtafiti kamili. Nikavuka barabara nimekunja mikono ya shati.

Kufuli mlangoni. Mama anayeuza chai hapo kando akasema Ouma alipanda basi jana usiku, ameenda Siaya kumzika mjomba wake. Akashangaa kwamba sijui, kwani Ouma alisema anapitia kwangu kuniaga.

Kama Ouma yuko Siaya, nani alikuwa anachomelea?

Nikatazama juu. Wueh.

Jumamosi, Machi 8

Ulikuwa mlipuko mkubwa kuliko yote tangu tuanze. Ngoingwa waliusikia. Juja waliusikia. Hata jamaa wa Eldoret, ambaye risiva yake imeshikwa na gundi, aliusikia. Na mimi niliusikia! Niliusikia, nikaufuta, nikaomba msamaha. Ujumbe uko hapo kwa grupu, kila mtu anausoma.

Mtambo umeenda kwa Gachau. Alinipigia mwenyewe. Akasema ile D haikuwa ya ujinga, ilikuwa ya haraka. Nililia kidogo bafuni. Nilikuwa nautaka ule mtambo jamani, nilikuwa nautaka kweli.

Nilipotoka, Idah alikuwa ameanika mablanketi kwenye waya. Alinipakulia chakula, akaniwekea vipande vya nyama vikubwa.

Jumanne, Machi 11

Mimi si mtu wa kukata tamaa. Na jua ni la wanaoanza. Liko karibu mno, kila mtu analisikia. Nimehamia anga za mbali, nje kabisa ya galaksi yetu, ambako kunatoka milipuko ya redio ambayo hata Daktari Akoth anakiri haielewi vizuri. Idah ameniachia waya mmoja. Nimeunyoosha juu ya ukuta wa nyuma, mbali na balbu, mbali na barabara.

Na leo, kuwasha tu: tik. Tik. Tik. Sawasawa kama saa ya ukutani, asubuhi hadi jioni, bila kukosa! Jua haliwezi hivyo. Ouma pia hawezi. Nimempigia kuhakikisha, bado yuko Siaya, nikampa na pole. Kelele za jirani nimeziondoa kwanza, kama tulivyofundishwa. Nimetangaza kwa grupu na kuandikia magazeti mawili. Jina nimependekeza langu.

Hata usalama si shida tena. Jana Wangeci wa plot ya nyuma aliwekewa waya za stima juu ya ule ukuta wetu. Fundi wake ameniambia zinarusha shoti kila sekunde, usiku na mchana, hazichoki. Hakuna mwizi atakayegusa antena yangu.