Matanga ya Jamhuri ya Venisi

Wananchi wote wanatangaziwa kwamba Kamati ya Sarafu za Kale, Kiritiri, imepata mafanikio makubwa. Mimi ndiye katibu, kwa hivyo nasema kwa mamlaka.

Mafanikio yenyewe yaliokotwa na Gatakaa, mfugaji, alipokuwa akichimba mchanga wa mto mkavu kutafutia mbuzi wake maji. Ilikuwa dukati ya dhahabu ya Jamhuri ya Venisi, pesa ambayo wafanyabiashara wa nchi nyingi waliipokea kwa karne kadhaa bila kuuliza maswali. Upande mmoja mtawala amepiga magoti mbele ya mtakatifu. Mwenyekiti wetu, Bwana Muthamia, aliona hilo ni kosa la kiwanda.

Gatakaa alitaka kuiuza anunue tangi la maji. Mwenyekiti akaitia mfukoni, kwa sababu za kiusalama.

"Hii ni mali ya serikali, mama."

"Serikali gani?"

"Ya Venisi."

"Si uwapigie simu basi!"

Nilimfafanulia kitaalamu kwamba serikali hiyo ilifariki mwaka wa 1797.

"Ngai! Na nyinyi ni nani wake?"

"Warithi," Mwenyekiti akasema kwa sauti ya mkutano. "Serikali zote ni ndugu. Andika, Katibu."

Nikaandika.

Gatakaa hakubishana. Alijifunga leso kiunoni, akaenda sokoni, akatangaza msiba: Mwenyekiti amefiwa na ndugu yake, Venisi.

Jioni boma la Mwenyekiti lilifurika. Akina mama wa kanisa walileta kuni, vijana wakafunga turubai, kwaya ikaanza. "Pole sana mkubwa, kwa kufiwa," watu walimwambia wakielekea kwenye chai. Walipouliza mwili uko wapi, nilijibu kwamba suala hilo linashughulikiwa. Lakini kwetu matanga hayavunjwi kabla ya kuzika, na mwombolezaji lazima ale. Alhamisi walichinja mbuzi wa Mwenyekiti. Ijumaa hata jogoo hakuwika.

Jumamosi Mwenyekiti alipanda juu ya kiti cha plastiki, macho mekundu.

"Jamani, huyu Venisi simjui! Si ndugu yangu! Hata jirani si yeye! Nendeni nyumbani!"

Gatakaa akaweka sahani yake chini polepole, akanyoosha mkono.

"Pole, mzee, tulikosea boma. Sasa kama si mtu wako, mali yake inafanya nini mfukoni mwako?"

Kanisa zima likageuka kuutazama mfuko huo. Naye Mwenyekiti, mbele ya mke wake, akaupindua, dukati ikaangukia kiganjani mwa Gatakaa.