Hatua Tisa za Barasa na Miguu ya Akina Mama

Jumatatu, 8 Septemba 2025. Lodwar.

Nimepata utaratibu! Hatua tisa za kuchanganya muziki, kwa kalamu nene, kwenye katoni ya mafuta ya kupikia. Nimeibandika juu ya kompyuta. Hatua ya kwanza: ondoa kelele zote. Hatua ya tisa: pokea pongezi. Za katikati bado nazifikiria.

Sababu ni Mama Nakeno, mwenyekiti wa kikundi cha akina mama cha Namoruputh. Ana nyimbo kumi. Nilizirekodi mimi, kwao, kwenye jua la utosini. Lakini wimbo wa kwanza amewapa mafundi wawili wauchanganye: mimi, na Nyibol wa Kakuma. Atakayemfurahisha atapewa tisa zilizobaki. Nyibol! Mimi ndiye niliyemwonyesha kompyuta inawashwa wapi. Nikishindwa, narudi kuchaji simu za watu. Naogopa hilo kuliko nge.

Jumanne, 9 Septemba.

Hatua ya kwanza imekula siku nzima. Wale mama walikataa kuimba wakiwa wametulia. Waliruka! Du, du, du, toka mwanzo hadi mwisho, na shanga zikigongana. Nimefuta mguu mmoja baada ya mwingine. Saa kumi sauti zilikuwa safi kama sahani ya mgeni. Nikaweka ngoma ya kompyuta, namba kumi na nne, Disko Nyepesi.

Jirani yangu Akeno, muuza samaki wakavu kutoka Longech, kule ziwani, amesema wanasikika kama watu walio kwenye foleni. Akeno anajua samaki.

Alhamisi, 11 Septemba.

Mama Nakeno amekuja. Amesikiliza akitazama sakafu mpaka mwisho. Kisha: “Barasa, miguu yetu iko wapi?”

Nikamweleza kuhusu kelele.

“Kelele? Hiyo ndio ngoma yetu. Sisi hatuna ngoma ingine.”

Nikamwonyesha katoni. Akaisoma yote, polepole, akauliza hatua ya kuwauliza wenye wimbo ni ya ngapi. Nikamjibu kwamba katoni ilijaa. Amenipa mpaka Jumamosi. Niliona aibu kwa muda wa dakika tano hivi.

Mtu wa kawaida angeirudisha miguu tu, kwa kuwa rekodi ya mwanzo ninayo. Mimi naona mbali. Nitaiba utaratibu wa Nyibol.

Ijumaa, 12 Septemba. Kakuma.

Nimekuja na lori la Kullow, mfanyabiashara wa Lodwar, juu ya magunia yake ya sukari. Miwani myeusi, kofia hadi kwenye nyusi. Sijafika hata mlangoni, Nyibol akapaza sauti, na salamu ya Kiturkana juu yake: “Mwalimu! Ejok? Ingia, chai iko.”

Adui mjanja sana. Amenionyesha kila kitu, dalili tosha kwamba kuna kitu anaficha. Amezima kioo cha kompyuta, akavua ndala, akausikiliza wimbo mzima bila kugusa chochote. Anasema alimpigia Mama Nakeno simu kwanza, akamuuliza anachokipenda zaidi humo ndani. Ni miguu. Basi alianza na miguu, akaziweka sauti juu yake, akapunguza kidogo tu hapa na pale. Anasema kila wimbo una kitu chake, lazima ukitafute upya. Maneno ya kunipoteza njia.

Yenye maana nimeyaandika kwenye kiganja. Ndala: kushoto. Ndoo nyekundu kando ya kompyuta yake: kulia. Chai: vijiko vitatu vya sukari.

Kisha akaniwekea kazi yake. Ile miguu! Nilisikia vumbi la Namoruputh likipanda. Machozi yakanitoka. Nyibol akaniuliza kulikoni, nikasema ni sukari ya Kullow imeniingia machoni.

Jumamosi, 13 Septemba. Lodwar.

Asubuhi yote nimetafuta ndoo nyekundu. Soko zima ni ndoo za buluu! Nimeipata saa saba. Nikavua ndala, nikanywa chai, nikairudisha miguu. Disko Nyepesi nimeiacha, naipenda. Ngoma mbili zikapigana mpaka mwisho wa wimbo.

Mama Nakeno alikuja saa kumi na moja. Nyimbo tisa zimekwenda kwa Nyibol. Ameniambia pole kwa upole kabisa, na hilo limeniuma zaidi. Mlangoni akauliza kama ndoo naiuza.

Jumatano, 17 Septemba.

Mungu si Athumani. Mteja mpya! Hani, binti yake Kullow, ameimba wimbo wa kumbembeleza mwanawe. Anataka mama mkwe awe anampigia mtoto wimbo huo wakati yeye yuko dukani. Sauti yake ni nyororo, iko peke yake, haina chombo chochote.

Sasa mimi ni fundi mwenye uzoefu. Nimeongeza hatua ya kumi: weka miguu. Nimemwekea miguu yote ya akina mama wa Namoruputh, jozi thelathini. Sikumuuliza kitu, nilitaka ashangae.

Ameshangaa. Mtoto alikuwa amelala mgongoni mwa Hani. Wimbo ulipoanza aliamka akilia, mbuzi wa Akeno wakakata kamba. Hani akatafuta pa kuzima, huku akiuliza sauti yake iko wapi. Ameondoka bila kwaheri.

Nimekaa nikatafakari kwa uchungu. Nikakikagua chumba chote, kona hadi kona, na kosa nimeliona. Ndoo ilikuwa kushoto.