Heda Zangu Zilivyopiga Hodi Ukweni

Leo nimeaibika, tena nikiwa nimevaa suti. Someni taratibu, mwenzenu bado nahema.

Mnajua nimekuwa nikihangaika na heda za gari langu. (Kwa msiojua: ni yale mabomba yanayotoa moshi kwenye injini, kila silinda na bomba lake. Zinaongeza nguvu. Na mlio! Jamani, mlio!) Hizi zilitengenezwa kwa gari la aina nyingine, zikawa zinagusa mhimili wa usukani kule kwenye injini. Nikakata, nikapinda, fundi wa kuchomelea hapa Katesh akaunga. Asubuhi nikakaza nati ya mwisho, nikawasha. Vruuum! Nilirukaruka kama mtoto aliyenunuliwa viatu vya Krismasi.

Fundi akainama, akachungulia chini. "Zimekaa chini sana hizi. Usipite barabara ya mawe."

"Nafika Gitting tu," nikamjibu. (Njia niliyokuwa naenda kupita ni mawe, na katikati ya mawe kuna mawe mengine.)

Gitting ndiko kwao Veronika. Leo ndiyo ilikuwa siku ya kwenda kwa baba yake kumposa. Baba mdogo, msemaji wangu, akapanda na koti lake la kanisani, akaniusia njia nzima: "Ukweni mtu anaingia kwa adabu. Shikamoo kwanza, na usiseme neno lolote mpaka uitikiwe."

Nikasema sawa, baba. Nikakanyaga mafuta.

Kilima cha mwisho, nyumba naiona kabisa, GWA! Jiwe. Pale palipochomelewa pakaachia, ekzosi yote ya nyuma ikabaki barabarani. Weee! Huo sasa haukuwa mlio wa gari. Baba mdogo alikuwa ananifokea, mimi naona mdomo tu. Nikaingia uani, nikaachia mafuta ghafla ili angalau nionekane na adabu. Gari likajibu: PAA! PAA!

Ng'ombe wa mzee walikuwa zizini. Nasema walikuwa. Waliliangusha lango, wote wakaishia kwenye maharage ya jirani.

Nikazima gari, nikaruka nje. Mzee kasimama mlangoni na fimbo yake.

"Shikamoo, mzee!"

Akanitazama, akatazama ng'ombe, akaanza kuwakimbilia. Nikamfuata! Ningefanyaje? Sijaitikiwa, hata radhi siwezi kuomba! Namzuia dume kwa koti la suti: "Shikamoo, mzee!" Nateleza, nakaa kwenye kinyesi kibichi: "Shikamoo!" Veronika yuko pale, kajiziba uso kwa kanga, mabega yanacheza. (Huyo ndiye niliyemtegemea anitetee.)

Ng'ombe wa mwisho alipoingia zizini, mzee akaegemea fimbo akinitazama kuanzia viatu hadi tai. Nikajua basi, mke nimemkosa kwa ajili ya mabomba.

"Marahaba," akasema.

Jamani, nilitaka kulia!

"Mbio unazo," akaendelea. "Na ng'ombe huwaogopi. Nenda kanawe, uje ndani tuzungumze habari za binti." Kisha akalinyooshea gari fimbo. "Ila hilo sijalikubali. Likakae kwenu."

Basi, harusi mtaalikwa wote. Bwana harusi atakuja kwa miguu, na atakayecheka hapati pilau.