Ilyasi na Vita vya Kivuli cha Mparachichi

Jumanne, tarehe kumi na nne Januari, saa nne asubuhi, dunia iliharibika. Njoni, enyi wa vibarazani Kabeza! Zimeni redio, acheni chai ipoe, msikie jinsi Ilyasi bin Munyaneza, Simba wa Cherehani, Mgane Asiyeinama, aliyeacha shule darasa la tatu kwa kuwa mwalimu hakuwa na adabu, alivyopigana na mti mdogo kuliko ukucha.

Siku hiyo wakubwa walituma msumeno. Barabara ipanuliwe, walisema. Mparachichi alioupanda marehemu mkewe, Mukashema, ukalala chini. Na picha yake hata moja haikuwepo, maana nani hupiga picha mti wa mlangoni kwake?

Miezi ikapita. Binti yake Shakira akawa anaunda gemu ya mtaa wao, nyumba na barabara vyote kwa miraba midogo midogo, kama nakshi za kofia. Baba akadai mparachichi uwemo.

"Chora wewe, Papa," akasema, akimkabidhi tableti kama mtu akabidhiye upanga. "Gemu naituma mtandaoni Ijumaa. Ukishindwa, pale naweka nguzo ya taa."

Nguzo ya taa! Ndiyo hiyo hiyo waliyosimika wakubwa pale ulipoangushwa mti! Jemadari akavaa miwani, akapiga bismillahi, akashambulia. Shina likasimama, majani yakajipanga kama jeshi. Kisha akapaka kivuli, cheusi tii.

"Papa, umechora sufuria iliyoungua."

"Kivuli ni cheusi, wewe mtoto! Tangu Adamu!"

"Cheusi kinaua mti. Upande wa jua paka kijani cha njano, upande wa pili zambarau. Toka nje uangalie."

"Zambarau? Mti umekuwa askofu?"

Lakini akatoka. Aangalie wapi, na msumeno ulikomba yote? Ulibaki mparachichi mmoja, mbele ya nyumba ya mkuu wa mtaa. Shujaa akaivuka bahari ile ya lami, pikipiki zikimpigia honi kama baragumu za adui, akaketi chini yake. Mlinzi Gisa akamjia na rungu.

"Muzee, hapa iko marufuku kukaa!"

"Ewe mwenye rungu, sikuja kukaa! Nimekuja kuchukua kivuli."

"Kivuli ya mukubwa?"

"Na jua lake pia, kama hajalifungia kabatini. Hebu tazama hapo chini ya majani. Rangi gani?"

Gisa akainama, akakuna kichwa. "Yewe... kama biringanya."

"Mana yanjye, Mungu wangu," akanong'ona Simba. Akatazama mti, kisha ukingo wa barabara, kisha mti tena.

Akarudi nyumbani akapaka: jua kushoto, biringanya kulia, pale Mukashema alipokuwa akichambulia maharagwe. Mraba kwa mraba, akimtukana mkubwa mmoja kwa kila jani. Ijumaa Shakira akaisogeza tableti karibu na macho.

"Huu ni wa Mama," akasema, akajifuta pua kwa mkono.

Ushindi! Upigwe mbiu kutoka Kabeza hadi Remera: mti umesimama, na hakuna msumeno unaoupata. Nguzo ya taa imekosa pa kusimama. Vizazi na viandike.

Shakira, naye, aliichora barabara kama ilivyo. Ndiyo maana kila anayecheza gemu hiyo husimama pale pale na kuuliza: barabara iliyonyooka mpaka ikamwangushia Mukashema mparachichi wake, mbona mbele ya mparachichi wa mkuu ilipinda?