Ndege ya Texas Imetua Sardis Mill

Redio ya Sardis Mill, Alabama, haina desturi ya kukatiza tangazo la mbolea, kwa kuwa mbolea ndiyo inayoilipa. Jumanne ile ilikatiza. Marquell Yancey, namba tisa, mrusha mpira wa Kobe, timu ya mpira wa Kimarekani ya Chuo cha Tolliver, ameacha timu. Kacheza mechi tatu, zote kashinda, kisha kaikunja jezi yake vizuri, kaiweka mezani kwa kocha, kaenda zake nyumbani kwa mama. Mhudumu wa mkahawa alimimina kahawa mpaka ikafurika kwenye sahani. Mzee wa meza ya dirishani alivua kofia kama anayepishana na jeneza. Aliyeendelea kula alikuwa mmoja tu, na huyo ni Rayford Tull.

Rayford alikuwa na miaka arobaini na saba, meno mazuri, koti la bluu lenye vifungo vya dhahabu isiyo dhahabu, na gari la kukodi ambalo wenyewe walishachoka kulidai. Alishawahi kuuza bima ya mafuriko kwa watu wa mlimani. Pale mjini alikuja kuuza matofali ya ukumbusho ya uwanja ambao haukuwa na mpango wa kujengwa. Matofali hayakutoka. Sasa redio ikamletea riziki mezani, pamoja na soseji.

"Kisa nini?" akamuuliza mzee.

"Hela! Walimwahidi dola elfu tisini ili atumike kwenye matangazo yao. Buford Haskew, yule wa magari, na wenzake wa Mfuko wa Gamba, matajiri wanaoichangia timu. Walipeana mkono, wakacheka, wakapiga picha."

"Wakalipa?"

"Walimpa gari la kutembelea wiki sita. Walipomaliza kupiga picha wakalichukua. Kijana anasema akilipwa tu, siku hiyohiyo anarudi mazoezini. Wenyewe wanasema hawabishani na mtoto."

Ahadi ni deni, lakini wenye pesa wa Sardis Mill hiyo sehemu ya pili hawajawahi kuisoma. Na deni hili lilikuwa limeshang'ata mtu. Kwa ile ahadi, mama yake Marquell, Odessa, aliacha kazi ya kukata kuku kiwandani, kazi ya miaka kumi na tisa, akapanga saluni ya kusuka Mtaa wa Depot. Mwenye nyumba alimpa mpaka Ijumaa awe amelipa kodi. Kijana naye alikuwa amepiga hesabu yake: kwa kanuni za vyuo, asiyezidisha mechi nne mwaka wake hauhesabiwi, kwa hiyo angeweza kuhamia popote bila hasara. Ila alikuwa hataki kwenda popote. Alitaka chake.

Hayo yote Rayford aliyasikia kwa sikio moja. La pili lilikuwa limeganda kwenye elfu tisini.

Akaenda maktaba ya mji, ambako kompyuta ni bure, akafungua ukumbi wa mashabiki wa Kobe mtandaoni. Pale hukaa watu wazima, wenye kazi na wake, wakibishana usiku na mchana juu ya goti la kijana wa miaka ishirini. Akajiita Gamba Gumu, akaandika: "Nina habari za uhakika. Tajiri wa mafuta wa Texas anakuja na ndege yake kumchukua namba tisa. Msinitaje." Kufika mchana watu elfu kumi na moja walikuwa wanamtaja.

Saa tisa alikuwa ofisini kwa Buford Haskew. Haskew alikuwa mtu mnene, mwekundu, mwenye sauti ya kuuzia magari hata anapoomba chumvi. Pembeni yake aliketi Daktari Winfield Pruitt, mng'oa meno, mtunza hazina wa Mfuko wa Gamba.

"Mimi natokea upande wa familia," Rayford akasema, akiketi kabla hajakaribishwa. "Mniwie radhi, nimekuja kuaga tu. Texas wamepiga simu."

"Texas wana nini sisi hatuna?" Haskew akafoka.

"Wanalipa, mzee wangu."

Daktari Pruitt akakohoa. "Mwambie kijana aje hapa, tuzungumze kiutu uzima."

"Daktari, kijana hawezi kupokea hata maji mkononi kwenu. Mmemuudhi. Lakini kwangu mimi anapokea. Mkinipa zile tisini leo au kesho, Alhamisi Texas wanakuta mlango umefungwa, Jumamosi mnacheza na timu ya Mwewe mkiwa na namba tisa. Msiponipa, basi. Nimeshawaaga."

Hapo inabidi kuwaelewa wazee hawa. Enzi zao kumlipa mchezaji kulikuwa marufuku, nao walilipa kila msimu, kwa moyo mweupe, noti kwenye mfuko wa karatasi nyuma ya kanisa. Siku sheria ilipobadilika na kuruhusu, mikono ikawa mizito. Kulipa kwa hundi, na mkataba, na risiti, mchana kweupe? Kulikuwa hakuna raha hata chembe. Rayford alipunguza sauti, akaangalia mlangoni, akasema, "Itabidi iwe taslimu. Na asijue mtu." Akaona macho ya Haskew yamejaa machozi ya ujana.

Jumatano jioni Haskew mwenyewe alimkabidhi boksi la kuwekea vinywaji baridi, lile la kwenda nalo mpirani, jekundu, lina kibandiko cha *Haskew Magari* na picha ya kobe anayecheka. Juu kulikuwa na makopo sita ya soda. Chini ya soda kulikuwa na elfu tisini.

"Hakuna karatasi," Haskew akanong'ona kwa furaha.

"Karatasi za nini kati ya waungwana?" Rayford akajibu.

Alhamisi asubuhi alikuwa anaelekea Florida, dirisha liko wazi, anapiga mluzi. Mambo yangeishia hapo, na mimi ningekuwa sina hadithi, kama gari lisingekaribia kuishiwa mafuta. Alisimama kituo cha mwisho kabla ya barabara kuu. Akakuta wanaume saba wamezunguka simu moja.

"Imetua!" mmoja akapiga kelele. "Saa mbili na dakika kumi, kiwanja chetu kidogo. Imetoka Midland, Texas!"

Mashabiki wa Kobe wana huu ugonjwa: kila ndege binafsi inayokatiza jimbo wanaifuatilia simuni, inatoka wapi, inakwenda wapi, imembeba kocha gani. Rayford alitabasamu, maana aliijua asili ya habari ile. Akaendelea kujaza mafuta.

"Wanasema kaleta laki sita," akasema mwingine.

"Laki sita na nyumba ya mama yake," akasahihisha wa tatu. "Shemeji yangu kaambiwa na mtu wa kiwanjani."

Tabasamu la Rayford likapungua kidogo. Yeye hakuandika laki sita. Hakuandika Midland wala nyumba ya mama. Ndege alikuwa ameitunga kwa kichwa chake mwenyewe, maktaba, akiwa na njaa. Na ndege ile ile sasa iko chini, ina namba ubavuni, ina saa ya kutua. Je, kama uongo wake umegonga ukweli bila kujua? Watu saba hawawezi kukosea. Watu elfu kumi na moja je? Alilitazama boksi kwenye kiti cha nyuma, na kwa mara ya kwanza elfu tisini zikamtia huruma.

Tamaa mbele, mauti nyuma. Rayford aliujua huo msemo; alishautumia mara nyingi kuwaeleza wengine. Akageuza gari.

Anaegesha Mtaa wa Depot, akaona mtu mrefu anatoka saluni kwa Odessa, kofia pana, buti zinang'aa, anarudisha pochi mfukoni. Huyo ndiye Texas, Rayford akajua. Aliingia ndani mbiombio.

Odessa Yancey alikuwa anasuka kichwa cha mteja na hakugeuka. Marquell alikuwa amekaa kwenye kiti cha kukaushia nywele, magoti yamefika kifuani, anakula karanga za kuchemsha.

"Mama Marquell, shikamoo. Jina langu Rayford Tull, wakala wa wachezaji. Najua mtu wa Texas amefika. Usimsainie chochote!"

Vidole vya Odessa vilisimama kidogo, kisha vikaendelea. "Mtu wa Texas," akasema.

"Usinifiche, mama. Nimemwona kwa macho yangu anatoka hapa. Hujui watu hao, watawapiga changa la macho. Mnahitaji mwakilishi, na huyo ni mimi. Asilimia ishirini tu." Rayford hakuwahi kuishia kwenye asilimia ishirini ya kitu chochote, ila hilo hakulitaja.

"Baba, mimi habari za wateja wangu sizitoi," Odessa akasema. "Lakini nikwambie hivi. Mji huu unadaiwa na mwanangu elfu tisini. Anayetaka kumwakilisha aanze kwa kulimaliza hilo. Mezani. Mdomo tulishapewa, tukashiba."

Mtu mwenye akili zake angeuliza kwa nini mwanamke mwenye laki sita mlangoni anasumbukia tisini. Rayford alishatoka mbio kulifuata boksi.

Alilitua mezani, akaondoa soda. Odessa aliziangalia noti. Kisha akasoma kibandiko, *Haskew Magari*, akamtazama kobe anayecheka, akamtazama mwanawe. Kijana naye alishasoma. Akainama kwenye karanga zake ili asionekane anacheka.

"Marquell," mama akasema taratibu, "deni lako hilo. Lile lile."

"Naona, mama."

"Basi mpe mjomba karatasi yake."

Karatasi ya uwakala iliandikwa, mwaka mmoja, asilimia ishirini, Marquell akasaini kwa mkono wa mtoto anayejitahidi. Halafu akasimama, akachukua begi lake la mazoezi nyuma ya mlango, akambusu mama yake kichwani, akatoka. Rayford alitoka kabla yake.

Kiwanja cha ndege cha Sardis Mill ni lami moja na kibanda. Ndege kutoka Midland ilikuwepo, kweli: ya njano, kiti kimoja, ina mabomba ya kunyunyizia dawa chini ya mabawa. Rubani alikuwa anaiosha kwa ufagio.

"Namtafuta tajiri," Rayford akasema, akihema.

"Hata mimi," rubani akajibu. "Nimekodiwa kupulizia pamba, na hiyo advansi yenyewe bado."

"Uliyekuja naye yuko wapi?"

"Bwana, nije naye akae wapi? Kwenye tangi la dawa?"

Rayford aliikalia lami. Hapo ndipo gari jeupe la Haskew lilipoingia kwa kishindo, na Haskew na Daktari wakaruka chini wakiwa tayari kupigana na Texas yote. Walimkuta Rayford ana karatasi mkononi. Haskew akaipokonya, akaisoma. Simu yake ikalia, alikuwa kocha. Haskew alisikiliza, akapiga yowe, akamnyanyua Rayford juu kama gunia la pamba.

"Yuko mazoezini! Kavaa jezi! Ndugu yangu, nisamehe. Huyu daktari aliweka dau kwamba utatoroka na boksi!"

"Dola hamsini," Daktari Pruitt akakiri, anatoa pochi kwa uchungu. Hamsini akampa Haskew.

Jumamosi Rayford alikuwa bado mjini, kwa kuwa safari ni pesa, na hakubakiwa na hata senti. Haskew alimpa kiti kizuri, akamtambulisha kwa kila mtu kama wakala pekee mwaminifu katika jimbo zima la Alabama, na watu wakampa mkono wakiwa wametoa kofia. Hajawahi kuteseka vile. Kushoto kwake aliketi Odessa, kodi imelipwa, kavaa jezi namba tisa juu ya gauni.

"Mama Marquell," akamwambia katikati ya kelele, "nijibu moja tu, nipate usingizi. Yule mtu wa Texas alikuahidi kiasi gani?"

"Yupi?"

"Yule wa kofia! Aliyetoka saluni kwako!"

"Shemasi Purnell? Alikuja kumlipia mkewe kusuka." Odessa hakuondoa macho uwanjani. "Mtu wa Texas nilimsikia kwako, baba. Tangu nizaliwe hakuna wakala aliyewahi kukanyaga mlangoni kwangu kunipa pesa. Nikajisemea, huyu kuna kitu kinamkimbiza. Acha akimbie, mradi aache boksi."

Rayford akageuka kutafuta mlango wa kutokea.

"Na Jumatatu uje saa tatu," Odessa akaendelea. "Mwuza karanga anataka picha ya Marquell kwenye pakiti. Dola mia mbili. Zako arobaini. Mkataba wa kuandika, sio wa mdomo. Na ubadilishe hilo koti, vifungo vinachubuka."

Chini uwanjani namba tisa alikosa wa kumrushia, akaukumbatia mpira, akaanza kukimbia mwenyewe. Akampita Mwewe mmoja, akampita wa pili. Watu elfu thelathini wakasimama. Rayford akasimama nao, akapiga kelele mpaka sauti ikamkauka, kwa sababu maisha yake yote alikuwa hajawahi kukiona kitu alichokilipia, tena elfu tisini.