Penseli Kumi na Mbili kwa Kidonda cha Mama Mkwe

Jumatatu, 3 Juni
Kidonda cha mama mkwe kimetimiza miezi mitatu mguuni. Majibu ya hospitali: vijidudu vimekuwa sugu, havisikii dawa za kawaida. Wakikosa nyingine, mguu utakatwa! Daktari akauliza nani alikuwa akimpa vidonge viwili leo, vitatu kesho, masalio ya wagonjwa wengine. Nikaangalia dari. Akiba haiozi, si ndivyo wasemavyo? Shemeji, kaka wa mke wangu, ni muuguzi na haachi mtu asahau. Akaniangalia mimi.

Nitauokoa mguu huo. Pale maabara ninapoosha chupa, Bosi anatafiti grafini: utando wa kaboni, mwembamba kupita kiasi, unaochana ngozi ya vijidudu hata vile sugu. Hubanduliwa kwenye grafiti. Na grafiti ndiyo ile nyeusi ya penseli! Nimenunua penseli kumi na mbili.

Jumanne, 4 Juni
Nimesaga. Nimebandika selotepu, nimebandua. Mara mia mbili. Vidole vyeusi, shuka nyeusi, mke kanuna. Kasema kaka yake hajawahi kuchafua shuka. Nimemwomba Bosi kisahani kilichopandwa vijidudu visivyo na madhara, eti nijifunze. Nusu nimepaka unga wangu, nusu nimeacha.

Jumatano, 5 Juni
Ushindi! Nusu isiyopakwa imejaa madoa ya vijidudu. Nusu yangu nyeusi tii, doa hata moja halionekani! Nikakimbia kumwambia mama mkwe. Akalia, akanishika mkono, akasema Mungu hakumpa mkwe, kampa mtoto. Na shemeji alikuwepo, akasikia. Raha iliyoje!

Jioni nikampelekea Bosi kisahani. Akafuta weusi kwa pamba. Chini yake vijidudu tele, vinono. Akasema nimevifunika blanketi. Akaongeza kwamba hata grafini yake halisi bado iko kwenye visahani, haijajaribiwa kwenye kidonda cha mtu. Sikujua nirudi nyumbani na uso gani.

Alhamisi, 6 Juni
Nimekiri yote kwa mama mkwe, penseli na vidonge. Nilitamani ardhi inimeze. Akasema ya vidonge alijua siku zote. Akasema pia kwamba anayemwosha kidonda kila asubuhi ni mimi, shemeji huja na maelezo tu. Nikalia kama mtoto.

Hospitali wamepata dawa moja ambayo bado inafanya kazi. Kuanzia kesho, siku kumi na nne, bila kuruka hata moja. Shemeji atasimamia. Haya, asimamie.

Ijumaa, 21 Juni
Dawa ameimaliza jana. Kidonda kinafunga! Mguu umebaki! Leo katembea mwenyewe mpaka kibarazani, akaniita nimwone.

Mimi nina jino. Juzi nilipewa vidonge vya siku saba. Leo ni siku ya tatu na haliumi tena, sasa nivimalize vya nini? Vilivyobaki nimevifunga kwenye karatasi, nikavitia katika kopo la penseli. Siku mama mkwe akiugua tena, hatanikuta mikono mitupu.