Kiti cha Mbele Ndani ya Kanda

Jumamosi, 5 Julai 2025
Leo nimepata silaha! Bibi mmoja wa Kizungu kule mtaa wa Observatory anahama, katandaza vitu vyake nje anauza. Nimerudi na boksi zima la kanda za video, zile nyeusi za zamani. Ishirini na nne. Msimu mzima wa kipindi cha Kimarekani cha vichekesho, nyimbo na dansi. Mama mwenye gauni refu anafungua pazia, wanaume wanaporomoka kwenye ngazi, ukumbi unavunjika mbavu. Deki ninayo. Révérien ajipange.

Nieleze, wajukuu wasije wakapotea. Kila Jumamosi na Jumapili baada ya adhuhuri Bi Mwanaharusi hufungua chumba cha nyuma cha mgahawa wake hapa mtaani Mayfair. Anawasha TV, na mtafsiri anashika maiki na kuifanya filamu iseme Kiswahili. Watafsiri tuko wawili: mimi, Mwadini wa Tanga, na Révérien, Mrundi, bwana wa filamu za karate. Sasa Bi Mwanaharusi kasema maiki ni moja na mtu atakuwa mmoja. Anachagua Jumapili ya tarehe 20. Kasema hivyo huku anageuza chapati, hata hakunitazama.

Nikiikosa maiki, mimi ni nani mji huu wa kusini mwa Afrika? Muuza chaja kwenye robot, ndivyo huku wanavyoita taa za barabarani; ikiwaka nyekundu nakimbilia madirisha ya magari. Nani anamwita muuza chaja kwa jina lake?

Jumapili, 6 Julai
Nimeijaribu kanda ya kwanza chumbani kwangu. Kiingereza chao kinakimbia mbio, sijaambulia kitu. Si tatizo. Mtafsiri wa kweli haelewi, anatunga! Nikawapa waigizaji majina ya watu wa mtaani, ndiyo ada ya kazi yetu. Mtu akisikia jirani yake katajwa kwenye filamu, hoi.

Jambo dogo tu. Nilitia utani wangu kuhusu mtu anayeoga na soksi. Watu wa ukumbini kwenye kanda wakacheka. Palepale. Nikarudisha nyuma, nikatazama nimenyamaza. Kimya. Nikautia tena. Wakacheka, na safari hii mmoja akapiga makofi.

Watu wa miaka hamsini iliyopita! Wengi wao wako kaburini. Mwili ukanisisimka. Halafu nikafikiri vizuri: hatimaye nimepata watazamaji wenye akili.

Jumamosi, 12 Julai
Onyesho! Chumba pomoni. Révérien kakaa nyuma, kakunja mikono. Nikaweka kanda ya saba. Kuna bwege mmoja mle, suti ya miraba, kila mlango unampiga usoni. Nikamwita Révérien.

Bwege akasimama. Akageuka akatutazama, kama mtu aliyesikia anaitwa. Kisha akarudi kupigwa na milango.

Watu hoi. Hata Révérien wetu kashindwa kujizuia, akaanza kile kicheko chake cha kukwaruza, hi-hi-kho. Naandika nilivyosikia: kilianzia kwenye kiti chake, kikaishia ndani ya TV. Mdomo wake ukabaki wazi, sauti inatokea kwenye spika.

Kamera ikapita kwa watazamaji wa ukumbini. Nilipoijaribu kanda hii juzi, safu ya mbele, katikati, palikuwa na kiti kitupu. Leo kina mtu. Révérien! Suti ya miraba, anacheka hadi machozi. Wenzangu hawakuona, walikuwa wanafuta macho. Mimi niliona. Nikajikaza kisabuni nikatafsiri mpaka mwisho.

Bi Mwanaharusi kasema leo nimemkosha. Mwenye wivu ajinyonge.

Jumapili, 13 Julai
Zamu ya Révérien. Lo! Katafsiri karate kama anasoma tangazo la msiba. Hajacheka hata mara moja. Watu wakatoka mmoja mmoja, eti chai inapoa. Nilimwonea huruma. Kidogo.

Saa tisa umeme ukakatika, na chumba kile hakina dirisha. TV kimya, deki kimya. Kanda yangu ya saba ilikuwa ndani ya mfuko, mapajani mwangu. Na ndani ya mfuko mtu akacheka. Hi-hi-kho.

Bi Mwanaharusi akauliza nani huyo anacheka gizani. Nikasema mimi. Nikacheka, kuthibitisha. Mfuko ukacheka pamoja nami.

Jumatano, 16 Julai
Capitoline, mke wa Révérien, kanifuata mpaka kwenye robot. Hakunisalimia, na huyu ni mama wa kumsalimia hata mbuzi. Kaniambia mtoto wao kaanza kutembea. Anapiga hatua mbili, anakaa kitako, nyumba nzima inacheka. Baba yake anafungua mdomo na hakuna kinachotoka. Mtoto akiuona mdomo ule analia, anamkimbilia mama. Halafu baba akikaa peke yake ananong'ona Kiingereza cha Kimarekani, na Révérien Kiingereza hajui hata cha kuombea soda.

Alisema anajua ni mimi, yameanza siku nilipomtaja kwenye kanda. Akaniambia: mtu uliyemwita kwa jina, shemeji, mwite kwa jina atoke. Kisha akalia, katikati ya magari. Na mimi nikalia, sikatai, mimi si jiwe. Nikaapa kwa Mungu kwamba Jumapili namtoa.

Alipoondoka ndipo nikapata akili. Akitoka, kicheko kinarudi. Kicheko kikirudi, maiki inakwenda naye. Eish!

Ijumaa, 18 Julai
Nimejaribu kumtoa nusu. Hakuna kiapo kilichovunjwa, nusu nayo ni kutoa. Mchana nimeiweka kanda, nikatamka: Révérien, toka, kicheko kiache.

Ukumbi ukanyamaza. Watu kama mia mbili wakageuka, wote, wakanitazama. Yule mama wa gauni akashuka jukwaani. Akaja, akaja, mpaka uso wake ukajaa kwenye TV. Akatikisa kichwa taratibu kama mwalimu. Akaonyesha kile kiti cha mbele. Kisha akaninyooshea mimi kidole, na kwa kidole hichohicho akaonyesha kiti tena.

Nimeelewa. Kiti kikishakaliwa hakikai kitupu tena. Anayetoka lazima apishane na anayeingia.

Nikang'oa plagi ukutani. Kidole kilikuwa bado pale. Nikafunika TV kwa blanketi, nikaenda kukaa nje na baridi yote hii.

Jumapili, 20 Julai
Siku yenyewe. Capitoline kasimama mlangoni, mtoto mgongoni. Révérien kakaa kama mzigo. Nilishapanga: namtoa Révérien, namwingiza mwenye nyumba wangu. Mtu yule hacheki tangu nimjue, hatapoteza kitu.

Nikaweka kanda ya saba, nikaita kwenye maiki: Révérien, toka. Kwenye kanda akainuka, akajipangusa suti, akapita katikati ya miguu ya watu, akatoweka pembeni. Kiti kikabaki kitupu. Ukumbi wote ukanisubiri. Jina la mwenye nyumba nilikuwa nalo kwenye ncha ya ulimi.

Lakini nikakitazama kile kiti. Chekundu, laini. Safu ya mbele, katikati kabisa, kamera kila ikipita inakigusa. Ebo! Akikalie mwenye nyumba? Mtu asiyejua hata kushika maiki? Kwa jasho langu?

Nikasema: Mwadini.

Nyuma yangu Révérien akapasuka, hi-hi-kho, chumba kizima kikamfuata, mtoto mgongoni mwa mama yake naye akacheka. Capitoline akanishika mikono yote miwili akaniombea baraka. Nilitaka kucheka nao. Nikafungua mdomo. Ukabaki wazi hivyohivyo.

Jumatatu, 21 Julai
Bi Mwanaharusi kamchagua Révérien. Kaniambia mwanangu usinung'unike, ila tangu jana ukiongea watu wanadhani kuna msiba. Sawa. Hajui kipaji.

Révérien mwenyewe kaja kwenye robot kunishukuru. Kanitolea utani mzuri tu, nikamwonyesha meno. Akaaga haraka, akavuka barabara bila kungoja taa.

Waache. Kanda ya saba nimeitazama mara kumi na moja leo. Nimo! Katikati, suti imenikaa, nacheka kwa sauti kuliko alivyocheka yeye. Yeye ana maiki ya Mayfair, mimi ninaonekana Marekani nzima. Kasoro ni moja tu. Kamera ikipita, mzee mrefu aliyekaa kulia kwangu ananiziba nusu ya uso. Kiti cha mzee yule kinataka mtu mfupi.

Bi Mwanaharusi hanifiki begani.